Mfuko Wenye Mdomo Chini

Jile lile, kizibao kisicho na mikono, liliingia nyumbani kwetu Mangobo ndani ya gunia la makaa, limefungwa nyuma ya toleka. Toleka ni zile baiskeli za kubeba abiria. Miaka ile ya vita petroli ilikuwa haba, basi mji mzima wa Kisangani ulikalia kiti cha nyuma cha baiskeli, wakubwa kwa wadogo. Kapita, yaani mkubwa wa kazi wa mume wangu, alilificha kwenye makaa kwa sababu ya vizuizi vya askari. Lilikuwa jeusi na zito, lina mikanda mingi, na askari yeyote angeliona angesema ni lile la kuzuia risasi, na maswali yasingeisha. Alilitandika juu ya meza ya cherehani yangu, juu ya shati jeupe la mteja, na vumbi lote la makaa. Nilimkemea mbele ya mume wangu bila aibu.

"Usikasirike, mama," kapita akasema. "Hii haiko ya vita. Iko ya maji, ya kuzamia."

Alikuwa amelipata kwa mlinzi wa kampuni moja ya mtoni ambayo mabosi wake walipanda ndege vita vilipoanza, wakaacha kila kitu kwenye ghala. Mume wangu alisimama nyuma yake anatabasamu kama mtu aliyeletewa mke wa pili. Hapo nikajua kwamba shauri limeshakatwa huko mtoni, na mimi naletewa kazi tu.

Niseme kazi yao ilikuwa ipi. Mume wangu alizamia almasi katika mto Tshopo, juu kidogo ya maporomoko. Ndani ya bwato, mtumbwi mkubwa wa kuchonga, walifunga mota ya kusukuma hewa, na kutoka kwenye mota ulishuka mpira mrefu hadi mdomoni mwake. Huko chini alijaza changarawe kwenye gunia kwa mikono, akipapasa tu maana maji ni ya kahawia na hayaonyeshi kitu, wenzake wakavuta gunia juu. Tshopo ina nguvu, mtu mtupu hubebwa. Ndiyo maana walijifunga kiunoni ukanda wa mpira wa tairi uliopangwa vipande vya risasi. Nasema risasi ile iliyotolewa kwenye betri kuukuu za magari na kuyeyushwa kwenye sufuria, si ile iliyokuwa inapita juu ya mapaa yetu.

Mota za miaka ile zilikunywa chochote zilichopewa. Petroli ilichanganywa na mafuta ya taa, na mafuta ya taa yalichanganywa na vitu anavyovijua muuzaji peke yake. Mota ilikohoa, ikazimika. Ikizimika, aliye chini ana pumzi chache zilizobaki kwenye mpira, na ana jambo moja la kufanya: aangushe risasi, apande, akitoa hewa mdomoni njia nzima. Ukanda usipofunguka anabaki huko. Hayo niliyajua tangu wiki ya kwanza ya ndoa, na kila asubuhi alipotoka niliyajua upya.

Jile la wazungu lilikuwa na mfuko wa hewa wa kumwinua mtu, na mfuko huo ulikuwa mzima. Kapita aliupuliza mbele yangu mpaka macho yakamtoka. Kilichokufa ni mifuko ya kubebea risasi. Vishikizo vyake vya plastiki, ambavyo ukivivuta mzigo unaanguka, vilikuwa vimevunjika vyote, na kipuri cha kitu kama hicho hukipati Kisangani hata wakati wa amani.

"Bon," kapita akasema. "Weye njo fundi. Utushonee mifuko mupya. Mutu akivuta, risasi ianguke palepale. Kama hajavuta, isianguke."

Nilicheka sana. Maisha yangu yote nilishona mifuko ili vitu visianguke, na nilijivunia kwamba katika mtaa wetu hakuna aliyewahi kupoteza hata ufunguo kwa ajili ya uzi wangu. Sasa mtu mzima na akili zake ananiomba mfuko wa kuangusha. Lakini nilimtazama mume wangu, nikaona anaangalia jile lile, na kicheko kikaniisha. Nikawaambia waache kitu chao hapo, watoke, waniache nifikiri.

Hawakuniacha. Kila mmoja alikuwa na shauri lake. Kapita alitaka vifungo vya mikanda ya gari, vile vya kubonyeza kidole, na alikwenda mwenyewe kuvikata kwenye gari lililokufa karibu na soko. Mume wangu alitaka ule utepe wa kunata unaolia kraa ukiubandua, alioutoa kwenye mkoba mkuukuu. Wa tatu alikuwa mashinisti, kijana mpole aliyechunga mota kwenye bwato. Yeye zamani alikuwa mzamiaji, ila mwaka uliopita walimtoa chini kwa kumvuta kwa mpira wa hewa, pua inatoka damu, na tangu siku hiyo sikio lake la kushoto halikusikia tena. Nilimuuliza anachagua nini. Aligeuza kichwa, akaniletea sikio zima, nikarudia. Alisema kitu chochote ni kizuri kama mtu atakifungua.

Nilidhani anazungumzia vifungo.

Basi nikaweka sheria zangu, maana nyumba ilikuwa yangu na sindano ilikuwa yangu. Mume wangu atavaa jile uani, mifuko imejaa mawe badala ya risasi. Atafumba macho. Mikono yake nitaipaka mafuta ya mawese iteleze. Atavuta kwa mkono wa kushoto, halafu wa kulia, na mawe yawe chini kabla sijamaliza kusema "moja". Kisha jile litalala ndani ya pipa la maji yenye mchanga, na kesho tunaanza tena.

Majirani walileta vigoda. Vita vilikuwa vimetufungia mto kuelekea Isangi, maboti ya Kinshasa hayapandi, chumvi inauzwa kwa kijiko, na watu hawakuwa na pa kwenda jioni. Mume wangu akawa ndiyo mchezo wao. Walimhesabia, walimpigia makofi, na mawe yalipoangukia vidole vyake vya miguu walifurahi zaidi. Siku ya pili alivaa viatu.

Vifungo vya gari vilikuwa vizuri siku mbili. Siku ya tatu mchanga ulikuwa umeingia ndani, kidole kinabonyeza na kitu hakisogei. Utepe wa kunata ukilowana ulichoka, na mtu akiinama tu mawe yanamwagika. Na mzamiaji anainama kutwa nzima. Nikajaribu kijiti cha mbao kilichopita kwenye vitanzi, kama kile ninachofungia banda la kuku. Kikavu kilikuwa kitamu, unavuta kimetoka. Asubuhi nilipokitoa kwenye pipa kilikuwa kimevimba. Mume wangu alivuta kwa mkono mmoja, akavuta kwa miwili, mishipa ya shingo ikasimama, na majirani wakaanza kumhesabia kwa sauti kama kawaida. Walifika ishirini. Nilikwenda jikoni nisisikie ishirini na moja.

Nilichotafuta nilikipata nikienda sokoni. Toleka niliyopanda ilikatika spoki njiani, mwenye baiskeli akaegesha kando kuibadilisha. Nilisimama juani nimenuna, namwangalia anaipenyeza spoki mpya kwenye tundu lake, inapita laini, haisiti. Ni ya chuma. Haivimbi. Nikamwomba spoki mbili kuukuu. Alinitazama sana, akanipa, akafikiri labda nataka kuchoma nyama.

Nilishona mfuko wenye mdomo chini. Mdomo niliufunga kwa kifuniko cha turubai, na kifuniko kikashikwa na vitanzi vitatu vilivyopenya kwenye matundu, na ndani ya vitanzi hivyo ikapita spoki niliyoisugua kwa jiwe mpaka ncha ikalainika. Ukiitoa spoki, vitanzi vinaachia, kifuniko kinaanguka, risasi inatoka kwa uzito wake yenyewe bila kusukumwa. Mwanzoni kila upande ulikuwa na kamba yake. Mume wangu akavuta upande mmoja tu, akaelemea kama mlevi. Basi nikaziunganisha spoki zote mbili kwenye kitanzi kimoja kifuani, cha kitambaa chekundu, kipana, kinachoingiza vidole vyote vinne. Alivuta mara arobaini. Alivuta amelala chali, amelala kifudifudi, amezungushwa mpaka kizunguzungu. Mara arobaini mawe yalikuwa chini kabla sijasema "moja".

Jioni ile nilipika lituma, ndizi zilizopondwa vizuri, na samaki wabichi wa Wagenia, wale wavuvi wa maporomoko, na kapita alikula mpaka akafungua mkanda wake wa suruali. Majirani walikuwa wamekaa tu, hakuna aliyeondoka. Mbali huko upande wa uwanja wa ndege kulilia kitu, tukanyamaza, hakikulia tena, tukaendelea kula. Watu wakinisikia leo wanashangaa, lakini nasema kweli, wiki zile nilikuwa na furaha. Nilikuwa nimefanya kitu kwa mikono yangu kikakubali.

Jumapili ya tatu tangu aanze kulivaa mtoni nilitaka kulifua jile, matope yasile uzi. Nikalilaza kwenye karai, nikaingiza vidole kwenye kitanzi chekundu, nikavuta kwa raha zangu tu. Hakikuja. Nikavuta tena. Nikaleta macho karibu. Kwenye kichwa cha kila spoki kulikuwa na uzi wa kuvulia samaki, ule wa nailoni, umezungushwa, umekazwa, umepigwa mafundo manne kwa meno. Hata ng'ombe asingeitoa.

Nina hasira, sifichi, mama yangu aliniambia hivyo tangu zamani. Nilitoka uani na jile linachuruzika maji, nikamkuta mume wangu anajinyoa.

"Nani amefanya hii?"

Alisuuza wembe. Kisha akasema, "Inaweza kutoka yenyewe, mama."

"Imeshatoka yenyewe siku moja?"

"Haiyatoka. Lakini inaweza."

"Na mota ikikufa? Utaiuma na meno huko chini?"

Alifuta sabuni usoni, akavaa shati, akatoka, nusu ya ndevu amebaki nazo. Mume wangu si mtu wa kukimbia maneno. Nilibaki na jile mkononi na nikaona kwamba kuna kitu sikijui.

Nilikijua siku iliyofuata. Mashinisti alikuja kuniletea turubai la kushona, nami nikakaa upande wa sikio lake zima, nikamwonyesha mafundo. Hakushangaa. Alisema kwenye bwato lao wana desturi. Risasi ni shida kupatikana, betri zimeisha mjini, basi anayeangusha mzigo wake wanamwita mama wa bwato. Wanamvika kikwembe, kitenge cha wanawake, kiunoni, anakaa karibu na moto wiki nzima anapikia wenzake, wanamwimbia, na wimbo unafika mpaka sokoni. Tangu iwepo desturi ile hakuna aliyeangusha.

"Basi weye," nikamuuliza, "siku ile ukanda wako ulikwama?"

Alichezea kona ya turubai. "Haukukwama, mama. Nilikuwa nashika fundo na mukono. Nilijua namna ya kulifungua. Niliogopa kikwembe."

Nilimwambia turubai litakuwa tayari kesho, akaenda. Nilikuwa nimejaribu vifungo vinne kwa mchanga na mafuta ya mawese, nimejisifu mtaa mzima, na sikuwahi kuuliza kama mwanaume atataka kuvuta. Hapo nililia. Nililia kwa uchungu na kwa hasira, na hasira ilikuwa nyingi zaidi, maana mimi huvaa kikwembe kila siku na hupika kila siku na sijafa.

Kesho yake nilifuatana na mume wangu mtoni. Hakunikataza, tulikuwa hatujasemezana tangu jile. Nilibeba kamba ndefu niliyoisuka usiku kucha kwa nailoni ya magunia, na kikwembe kipya, kilichokunjwa. Wanawake hawapandi bwato la almasi, eti mawe yanajificha, basi nilisimama ukingoni, kwenye mchanga, na kuzungumza kwa sauti. Sauti ninayo.

Nilimwonyesha kapita kamba. Upande mmoja unafungwa kwenye vipakiti vya risasi, upande wa pili kwenye bwato. Mtu akiangusha, mzigo unabaki chini umefungwa, wanauvuta kama wanavyovuta changarawe. Hakuna kinachopotea.

Kapita alikubali kamba mara moja. Aliipima kwa mikono, akaisifu.

"Na kucheka?" nikamuuliza. "Kama risasi haipotee, munacheka nini tena?"

"Ah, mama. Desturi iko desturi."

"Alors, weye njo utaanza. Vala jile, ingia majini hapa karibu, uvute. Bila hivyo mume wangu hazame leo."

Nilisema hivyo, na moyoni nilijua sina nguvu ya kumzuia mume wangu. Ni mtu mzima, kazi ni yake, na mbele ya wenzake angeweza kuniambia nirudi nyumbani, nami ningerudi. Wote walimtazama yeye. Alikuwa ameshika jile. Alitoa kisu mfukoni, akakata uzi wa nailoni upande wa kulia, akakata wa kushoto, akautemea mate akautupa majini. Kisha akamnyooshea kapita jile.

Kapita alikuwa hajazama miaka mingi na tumbo lilikuwa limemtangulia. Tulimfunga mikanda kwa shida. Aliingia maji yakamfika kifuani, akapuliza hewa kidogo kwenye jile, akakalia mchanga, kichwa kikapotea. Tukangoja. Kitanzi chekundu kilivutwa kwa nguvu ambazo hazikuhitajika kabisa, na kapita akatoka majini miguu mbele, nyayo nyeupe juani, na tumbo, halafu mwisho kabisa kichwa, kinakohoa.

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Kapita alisimama, maji yanamtoka puani, akajaribu kukasirika, akashindwa. Akatembea mpaka kwangu, akachukua kikwembe mkononi mwangu, akajifunga kiunoni juu ya kaptula iliyolowa.

"Bon," akasema. "Leo mama wa bwato ni mimi. Kesho ni weye," akamwonyesha mume wangu, "na kesho kutwa ni ule. Kila mutu."

Ikawa hivyo. Kila asubuhi kabla ya kazi, kila mzamiaji alikaa kwenye maji mafupi, akavuta kitanzi, akaibuka, na mashinisti akavuta kamba na risasi ikapanda. Niliambiwa kwamba baada ya wiki moja hakuna aliyekuwa anacheka tena. Ilikuwa kama kupiga mswaki. Mimi sikurudi kule. Nilikuwa na kazi zangu.

Mota ilikufa siku ya Alhamisi. Sikujua. Nilikuwa nashona suruali ya mwalimu, mvua imetoka tu kunyesha, na mume wangu akatokea mlangoni mchana ambapo hakutakiwa kuwa nyumbani. Nywele zilikuwa na mchanga. Nilisimama, pedali ikaendelea kucheza kidogo peke yake.

"Mota ilikufa," akasema.

"Ulikuwa chini?"

"Chini kabisa. Pale kwenye shimo."

"Ulifanya namna gani?"

"Nilivuta."

Alisema kama mtu anayesema alifungua mlango. Nikamuuliza aliwaza nini wakati ule, kama aliniwaza, kama aliwaza watoto, maana nilitaka kusikia. Alifikiri kweli, uso umekunjamana.

"Sikuwaza kitu," akasema. "Mukono ulikuwa ulishavuta. Nikajikuta niko juu, naona jua, na mashinisti amenishika shingo analia. Analia, mutu mukubwa! Nikamwambia aniache, avute kamba."

"Na risasi?"

"Ilipanda. Kapita akaturudisha nyumbani."

Nilimgusa uso. Nilimgusa masikio yote mawili, nikamnong'oneza kitu kwa huku, nikamnong'oneza kwa kule, akasikia kote na akacheka. Sitasema nilinong'ona nini. Siku ya ndoa nilikuwa mtoto, sikujua ninachopewa. Alhamisi ile nilijua.

Akajinyoosha kwenye mkeka kando ya cherehani, na kabla sijamletea maji alikuwa amelala, mdomo wazi, anakoroma. Mwalimu alikuwa anaitaka suruali yake jioni. Niliweka mguu kwenye pedali, nikautoa. Nikachukua sindano, nikakaa chini karibu na kichwa chake, nikaimaliza suruali yote kwa mkono.